Funguo za gemu za bei rahisi mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Funguo hizi ni halali au ni za wizi?

Zipo za aina zote mbili, na kwa kuutazama ufunguo wenyewe huwezi kuzitenganisha. Ufunguo wa Steam (jukwaa la kununulia na kuchezea gemu za kompyuta) ulionunuliwa kwa kadi ya benki ya wizi na ule uliolipiwa kwa haki, zote mbili ni herufi na tarakimu 15 zilizogawanywa mafungu matatu, na Steam inaupokea huu kama inavyoupokea ule. Ndiyo maana mtu akikuambia "nimenunua pale mara kumi na zote ziliingia", bado hajajibu swali lako. Ufunguo kuingia ni jambo moja, uhalali wake ni jambo jingine.

La kuuliza ni hili: anayeniuzia aliupata kwa nani? Kama aliupata kwa mchapishaji wa gemu, nunua bila wasiwasi hata bei ikiwa imeshuka kwa asilimia 80. Kama hawezi kusema, basi mzigo wa hatari umehamia kwako, na punguzo unalopewa ndiyo malipo yako ya kuubeba. Majibu mengine yote ya ukurasa huu yanarudi kwenye swali hilo.

Ufunguo wa gemu ni kitu gani hasa?

Ni msimbo wa kutumika mara moja. Fikiria vocha ya simu: ukishaiingiza, imekwisha, na anayekuja nyuma yako na namba zilezile haambulii kitu. Gemu yenyewe haimo ndani ya ufunguo. Ufunguo unaandikisha leseni kwenye akaunti yako, kisha unapakua gemu kutoka kwenye jukwaa husika.

Misimbo ya Xbox na Microsoft ina herufi 25 katika mafungu matano, ya PlayStation ina 12 katika mafungu matatu, ya Nintendo ina 16. Ukinunua gemu ya kompyuta ukatumiwa msimbo wa herufi 12, kuna kosa hata kabla hujajaribu kuuingiza.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba Valve, kampuni yenye Steam, huwapa watengenezaji funguo bila kuwatoza. Gemu ikiuzwa ndani ya duka la Steam, Valve hukata asilimia 30 mwanzoni (kiwango hushuka hadi 25 mauzo yakipita dola milioni 10, na hadi 20 yakipita milioni 50). Ufunguo ukiuzwa nje, Valve haikati kitu. Kwa hiyo mtengenezaji anaweza kukubaliana na duka la nje, wakapunguza bei, na bado akabaki na kiasi kilekile au zaidi. Bei ndogo peke yake haimtii mtu hatiani.

Wanaouza ni akina nani?

Ni makundi matatu, na ugomvi mwingi kuhusu mada hii unatokana na kuyachanganya.

La kwanza ni maduka yenye mkataba na wachapishaji: Humble Bundle, Fanatical, Green Man Gaming, GamersGate, Gamesplanet na mengineyo. Funguo zao zinatoka kwa mchapishaji moja kwa moja. Punguzo likiwepo, mchapishaji ameliridhia, na sehemu ya pesa yako inamfikia.

La pili ni masoko ya udalali, kama G2A, Kinguin na Eneba. Soko lenyewe kwa kawaida halina funguo. Linatoa ukumbi, linapokea malipo, linakata kamisheni. Anayekuuzia ni mtu mwingine kabisa, mara nyingi mwenye jina la kubuni tu, na ukurasa mmoja wa gemu unaweza kuwa na wauzaji ishirini wenye funguo za asili ishirini. Ukisema "soko fulani ni zuri" ni kama kusema gulio ni zuri. Inategemea umesimama mbele ya meza ya nani.

La tatu ni maduka yanayonunua funguo kwa wingi na kuziuza yenyewe bila mkataba na mchapishaji. Hapa angalau muuzaji ni mmoja na anajibu kwa jina lake, kwa hiyo kurudishiwa pesa ni rahisi kuliko kwa dalali. Lakini chanzo cha mzigo bado hukioni.

Kama si wizi, mbona bei inashuka kiasi hicho?

Vyanzo ni vingi, na vingi si vya wizi.

Vifurushi ndivyo vikubwa. Duka linauza gemu nane kwa bei ya moja; mlanguzi ananunua vifurushi, anapasua, anauza kila ufunguo peke yake. Ukiona gemu ya miaka mitatu imeshuka ghafla kwa wauzaji wote kwa wakati mmoja, angalia kama haikuwa kwenye kifurushi mwezi huohuo. Masharti ya maduka ya vifurushi hukataza kuuza tena, ila ufunguo wenyewe ulilipiwa na kwa kawaida haufutwi.

Kuna tofauti ya bei za kanda. Gemu huuzwa kwa bei ya chini katika nchi ambazo kipato ni kidogo, na mlanguzi ananunua huko na kuuza kwingine. Kwa miaka mingi Argentina na Uturuki ndizo zilikuwa kimbilio, mpaka Novemba 2023 Steam ilipoacha sarafu za nchi hizo mbili na kuhamia bei za dola zilizopangwa kwa kanda.

Kuna masanduku ya dukani yenye msimbo ndani: duka linafilisika au linasafisha ghala, mtu ananunua katoni nzima, anafungua, anapiga picha misimbo. Kuna misimbo inayotolewa bure na kadi mpya za michoro, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu. Aliyenunua kifaa hicho anayo gemu tayari, anauza. Promosheni nyingi za aina hiyo siku hizi zinahakiki kifaa kabla ya kutoa gemu, ndiyo sababu baadhi ya wauzaji hukuomba uwape nenosiri la akaunti yako ili "wakuwekee". Usimpe mtu nenosiri, hata awe na sifa elfu kumi.

Kuna pia mzigo wa muuzaji anayeuza asichonacho. Gemu haijatoka, mchapishaji hajagawa hata ufunguo mmoja, na tayari mtu anaiuza kwa nusu bei. Huyo anacheza kamari kwamba siku ya kutoka atapata ufunguo kwa bei ya chini kuliko aliyokuuzia. Bei isiposhuka, unarudishiwa pesa baada ya wiki za maelezo, na gemu huna.

Halafu kuna vyanzo vibaya. Kimoja ni funguo za kuombaomba: mtu anajifanya mwandishi wa habari za gemu au mwenye chaneli kubwa ya video, anawaandikia watengenezaji wadogo mamia, kila mmoja anampa ufunguo mmoja au miwili ya kufanyia tathmini, na zote zinaishia sokoni. Watengenezaji wadogo wanaumizwa sana na hili, kwa sababu wanahitaji kutangazwa na hawana mtu wa kuhakiki kila barua pepe. Kingine ni kadi za wizi, na hicho kinastahili jibu lake.

Kadi ya wizi inageukaje kuwa ufunguo ninaouziwa?

Fuata ufunguo mmoja. Mtu ana namba za kadi za watu wengine. Hawezi kutoa pesa taslimu kwa kadi hizo, lakini anaweza kununua kitu kisicho na uzito, kisichosafirishwa na kinachofika kwa barua pepe ndani ya dakika moja. Anaingia kwenye duka la mtengenezaji mwenyewe, ananunua nakala kumi za gemu ya dola 20. Funguo zinafika. Saa hiyohiyo anaziweka sokoni kwa dola 11 kila moja. Kwake yeye hata dola 3 ni faida tupu, maana hakulipa kitu.

Wewe unanunua mmoja. Unaingia, gemu inapakuliwa, unampa muuzaji nyota tano.

Wiki tatu baadaye mwenye kadi anaona muamala asioujua na kuulalamikia benki. Mitandao mikubwa ya kadi humpa mlalamikaji hadi siku 120 kwa madai mengi ya aina hii. Benki inachukua dola 20 zake kutoka kwa mtengenezaji kwa nguvu na kumrudishia mwenye kadi, na juu yake mtengenezaji anatozwa ada ya mgogoro, mara nyingi dola 15 au zaidi kwa kila muamala. Hesabu yake: gemu imekwenda, bei imerudishwa, na ametoa mfukoni dola 15 kwa kila muamala. Malalamiko yakizidi, kampuni inayomshughulikia malipo inaweza kumfungia kabisa, na hapo duka lake limekufa.

Sasa anafanya uamuzi. Anaweza kuingia kwenye mfumo wa Steam wa watengenezaji, kutafuta ufunguo ule na kuufuta. Akiufuta, gemu inatoka kwenye maktaba yako, wala si kwenye maktaba ya mwizi. Akiuacha, amekubali hasara. Wengi huuacha, kwa sababu mnunuzi aliyefutiwa huja kumtukana yeye. Kwa hiyo gemu nyingi zilizonunuliwa kwa kadi za wizi ziko kwenye maktaba za watu mpaka leo, na wenye maktaba hizo wanaapa kwamba soko ni safi.

Angalia pia zile nyota tano. Zilitolewa siku ya kwanza, kabla lalamiko lolote halijafika benki. Sifa ya muuzaji inapima kama ufunguo uliingia. Haipimi ulikotoka.

Kuna ushahidi wa haya, au ni maneno ya wachapishaji tu?

Ushahidi upo. Mwaka 2013 Unknown Worlds, watengenezaji wa Natural Selection 2, walifuta funguo 1,341 walizosema zilinunuliwa kwa kadi za wizi, na wakataja hasara ya dola 30,000 zilizotokana na marejesho ya benki. Januari 2015 mchapishaji Ubisoft aliondoa gemu kwenye akaunti za watu walionunua funguo nje, akieleza kwamba zilipatikana kwa kadi za ulaghai kupitia Origin, duka la mchapishaji mwingine, EA. Baadaye aliwarudishia wale waliokuwa wameshaziamilisha na kuanza kucheza. Mwaka 2016 mchapishaji tinyBuild alisema funguo za gemu zake zenye thamani ya rejareja ya dola 450,000 zilipita G2A. G2A ilibisha, na ubishi ule haukufika mwisho uliokubaliwa na wote.

Kesi yenye uzito kuliko zote ni ya gemu ya Factorio. Mwaka 2019 G2A iliahidi hadharani kwamba mtengenezaji atakayethibitisha kwamba funguo za gemu yake zilizopatikana kwa wizi ziliuzwa sokoni pale atalipwa mara kumi ya hasara ya marejesho. Wube Software, watengenezaji wa Factorio, wakajitokeza na orodha ya funguo 321. Mei 2020 G2A yenyewe ilikiri kwamba 198 kati ya hizo ziliuzwa kwake, zote kati ya Machi na Juni 2016, na ikailipa Wube dola 39,600. Ukigawanya utaona hesabu inavyokaa: 198 mara dola 20, mara kumi. Hapo hakuna tena "inasemekana". Soko lenyewe limehesabu.

Usisome namba hiyo kupita kiasi. Ni gemu moja, miezi michache, na masoko kadhaa tangu hapo yamekaza masharti ya wauzaji. Inachothibitisha ni kwamba njia ipo na inapitika.

Nikinunua nitakuwa nimevunja sheria?

Katika nchi nyingi kosa ni kununua mali ukijua ni ya wizi. Mnunuzi wa kawaida aliyenunua ufunguo kwenye tovuti ya wazi na kulipa kwa jina lake hafuatwi na polisi. Unachovunja zaidi ni masharti ya jukwaa, na adhabu yake ni ya jukwaa: kunyang'anywa gemu au kufungiwa akaunti.

Watu hupenda kutaja sheria za Ulaya kama kinga, basi tuzitaje sawasawa. Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema mwenye leseni ya kudumu ya programu iliyopakuliwa anaweza kuiuza tena. Mwaka 2019 mahakama ya Paris iliamua hivyohivyo kuhusu gemu za Steam, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha walaji UFC-Que Choisir. Wengi waliishia hapo. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo Oktoba 2022, na mahakama ya juu ya Ufaransa ikaafiki utenguzi mwaka 2024.

Kufunga kanda nako kuna mipaka yake. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliitoza Valve na wachapishaji watano (Bandai Namco, Capcom, Focus Home, Koch Media na ZeniMax) jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuzuia funguo zilizonunuliwa katika nchi fulani za Ulaya zisifanye kazi katika nchi nyingine za Ulaya. Faini hiyo ilihusu mipaka ya ndani ya eneo hilo tu. Haikuhalalisha ufunguo wa Amerika Kusini kuingizwa Ujerumani.

Akaunti yangu inaweza kufungiwa?

Kwa ufunguo mbaya wa Steam, kinachotokea kwa kawaida ni gemu hiyo moja kuondolewa. Akaunti inabaki. Hatari ya akaunti nzima inakuja kwa njia nyingine: kutumia VPN kujifanya uko nchi nyingine, kupokea zawadi iliyolipiwa kwa kadi ya wizi ndani ya duka la Steam lenyewe, au kununua akaunti ya mtu. Masharti ya Steam yanakataza wazi kuficha mahali ulipo ili upate bei ya nchi nyingine, na nchi ya akaunti huwezi kuibadilisha zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu.

Upande wa Xbox utakuta matangazo mengi ya funguo za nchi moja yenye maelekezo ya VPN chini yake. Muuzaji anayekuandikia hatua za kukwepa masharti ya Microsoft anajua kwamba siku ukifungiwa, hutamlalamikia yeye.

Tangazo linasema "zawadi" au "akaunti", halisemi "ufunguo". Tofauti ni nini?

Kubwa sana, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia kwa sababu ya kutosoma kichwa cha tangazo.

Zawadi maana yake muuzaji atakuomba urafiki kwenye Steam, atakununulia gemu kutoka nchi ya bei nafuu na kukutumia. Tangu Mei 2017 zawadi haziwezi kuhifadhiwa ghalani kama zamani, lazima zitumwe kwa rafiki moja kwa moja, na Steam huzuia zawadi pale bei za nchi mbili zinapoachana sana.

Akaunti maana yake hupati gemu kwenye akaunti yako kabisa. Unapewa jina na nenosiri la akaunti ya mtu, mara nyingine akaunti inayotumiwa na wanunuzi wengine pia, na unaelekezwa ucheze bila kuunganishwa na intaneti. Ndiyo maana bei yake ni robo ya wengine. Mwenye akaunti wa kwanza akitaka kuirudisha, anawaonyesha Steam risiti yake ya kwanza na anaipata. Hii usinunue kamwe. Hakuna bei inayoifanya iwe biashara nzuri.

Nitajuaje duka ni rasmi?

Anza kwa mchapishaji. Wengi huorodhesha maduka wanayoyatambua kwenye tovuti zao. Njia ya haraka zaidi ni kutafuta gemu kwenye tovuti ya IsThereAnyDeal, ambayo huorodhesha maduka yenye idhini tu, au GG.deals, ambayo inaonyesha maduka rasmi upande mmoja na wauzaji wa funguo upande mwingine. Ukiwa GG.deals angalia vizuri bei unayoisoma ni ya upande upi.

Muundo mzuri wa tovuti, kufuli kwenye anwani, au tangazo la mtengeneza video maarufu havikuambii kitu kuhusu mkataba. Masoko ya udalali hulipia matangazo hayo.

Bei niliyoiona siyo niliyotozwa. Kwa nini?

Bei ya kwanza ni chambo. Fuata ukurasa wa malipo mstari kwa mstari: juu ya bei ya gemu inakuja ada ya huduma, halafu ada ya njia ya malipo, halafu kodi. Kwa gemu ya dola 3 nyongeza hizo zinaweza kula punguzo lote. Chunguza pia kisanduku cha uanachama au ulinzi wa mnunuzi: bei yenye herufi kubwa mara nyingi ni ya wanachama, na ukiikubali umejiandikisha kukatwa kila mwezi mpaka uende kujitoa mwenyewe. Linganisha jumla ya mwisho, siyo bei ya kwenye orodha.

Nimeelewa yote na bado nataka kununua sokoni. Nifanyeje?

Kwanza tazama rekodi ya bei ya chini kabisa ya gemu hiyo kwenye maduka rasmi. Kama imewahi kufika karibu na bei ya sokoni, itafika tena, subiri. Kama tofauti haizidi dola moja au mbili, nunua rasmi.

Ukiendelea, soma vitu vinne kwenye tangazo: jukwaa (Steam, Xbox, au jingine), kanda, aina (ufunguo tu), na toleo. Toleo huumiza watu kimyakimya. Unadhani umenunua gemu kamili kumbe ni nyongeza inayohitaji gemu ya msingi. Chagua muuzaji mwenye mauzo mengi na ya muda mrefu, ukikumbuka mpaka wa sifa hizo tuliouelezea. Lipa kwa njia inayokuruhusu kulalamika, ikiwezekana kadi ya mtandaoni yenye kiwango ulichokiweka mwenyewe. Usilipe kwa sarafu za kidijitali, zikienda zimeenda.

Kisha, kabla ya kubofya kufunua ufunguo, anza kurekodi skrini. Rekodi iwe moja bila kukatwa: ukurasa wa oda wenye namba yake, kubofya, ufunguo kuonekana, kuuingiza kwenye store.steampowered.com/account/registerkey, na jibu la Steam. Wauzaji wengi hukataa madai kwa hoja kwamba ufunguo ulifunguliwa jana ukatumiwa na mtu mwingine, na rekodi hiyo ndiyo inayovunja hoja. Uingize siku hiyohiyo. Ufunguo uliokaa miezi sita kwenye barua pepe hauna mtetezi, maana muda wa madai umeshapita.

Ufunguo umekataa. Ujumbe unamaanisha nini?

Ukiambiwa umeshatumika na akaunti nyingine, umeuziwa vocha iliyokwanguliwa. Dai pesa. Ukiambiwa si sahihi, nakili upya badala ya kuandika kwa mkono. Herufi O na tarakimu 0, herufi I na tarakimu 1 hufanana kwenye picha za skani. Ukiambiwa haupatikani katika nchi yako, umenunua kanda isiyo yako. Rudi usome tangazo: kama kanda iliandikwa, kosa ni lako na pesa ni vigumu kurudi, kama haikuandikwa, una haki kamili. Ukiambiwa unahitaji kumiliki bidhaa nyingine kwanza, hiyo ni nyongeza.

Usijaribu mara nyingi mfululizo. Baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana Steam hufunga kwa muda. Subiri saa moja au zaidi kabla ya kurudia.

Gemu ilikuwemo, sasa haimo. Nani wa kumlalamikia?

Fungua store.steampowered.com/account/licenses na usome tarehe na namna kila leseni ilivyopatikana. Piga picha ukurasa huo, pamoja na taarifa yoyote ya kuondolewa, na umpelekee uliyemlipa. Steam haitakurudishia: sera yake ya siku 14 na chini ya saa mbili za kucheza ni kwa vitu vilivyonunuliwa ndani ya Steam tu. Mtengenezaji naye hakupokea pesa zako, kwa hiyo hana cha kurudisha, na tafadhali usimwage hasira kwenye tathmini ya gemu yake. Soko likikaa kimya, peleka lalamiko kwa benki yako, ukijua kwamba soko litaifunga akaunti yako ya pale.

Je, mtengenezaji anapata chochote nikinunua huko?

Inategemea chanzo. Kwa ufunguo wa kifurushi alipata senti kadhaa zamani. Kwa ufunguo wa kuombaomba hakupata kitu. Kwa wa kadi ya wizi amepata hasara. Ndiyo sababu mwaka 2019 Mike Rose wa kampuni ya uchapishaji wa gemu No More Robots aliwaomba watu hadharani waibe gemu zake kwa kuziharamia kuliko kununua G2A. Alimaanisha alichosema: nakala ya uharamia haimletei barua za msaada wala ada za benki.

Vipi programu za kutengeneza funguo bure?

Ni virusi. Ufunguo unatolewa na kuandikishwa upande wa jukwaa. Hakuna programu kwenye kompyuta yako inayoweza kubuni mmoja ukakubalika. Kinachotoka pale ni nenosiri lako.

Kuna njia ya kupata bei ndogo bila haya yote?

Ipo, na inashinda masoko mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Weka gemu kwenye orodha ya unazozitamani ndani ya Steam, na weka bei unayotaka kwenye IsThereAnyDeal ikutumie barua pepe ikifika. Steam ina mauzo makubwa kila msimu wa mwaka, na maduka rasmi ya nje huongeza punguzo lao juu. Fanatical na Humble huuza vifurushi ambavyo ndivyo hasa mlanguzi anavyovipasua kukuuzia. Duka la Epic hutoa gemu bure kila wiki. Na ukinunua ndani ya Steam una zile saa mbili za kujaribu, kitu ambacho hakuna ufunguo wa nje unaokupa.

Nina ufunguo uliobaki kutoka kwenye kifurushi. Niuuze?

Masharti ya Humble na maduka kama hayo yanakataza. Mpe rafiki, mkononi kwa mkono, kwa ujumbe wa faragha. Usiubandike hadharani hata ukificha herufi moja: kuna programu zinazosoma mabandiko usiku na mchana, zinajaza herufi inayokosekana, na ufunguo utakuwa umeshaingizwa kabla rafiki yako hajauona.